Maagizo Yaliyotangulia Mimba

Andiko la Jumapili: Waamuzi 13:2–14

 

Leo tumesoma habari ya mwanamke ambaye Biblia haikututajia jina lake. Tunamjua kwa mumewe, Manoa, mtu wa Sora, wa kabila la Dani. Tunamjua pia kwa mwanawe, Samsoni. Yeye mwenyewe ni mke wa Manoa tu, na kwa miaka mingi alikuwa mke wa Manoa asiye na mtoto. Ninyi mliopita njia hiyo mnajua maneno yanayosemwa nyuma ya mtu, hata hapa kanisani, hata na watu walioshika Biblia mkononi.

Siku moja malaika wa Bwana akamtokea, akamwambia atachukua mimba na kuzaa mwana. Wapendwa, sisi Wapentekoste tukifika hapo huwa tumemaliza ibada. Kinanda kinalia, vigelegele vinapigwa, mhubiri anafuta jasho, kila dada anapokea. Lakini malaika hakuwa amemaliza kusema. Papo hapo akamwagiza ajihadhari: asinywe divai wala kileo, wala asile kitu najisi. Nenda nyumbani usome tena polepole, uangalie mpangilio wake. Mimba haijaonekana. Mtoto bado ni ahadi. Na tayari kuna maagizo juu ya kikombe cha mama na sahani ya mama.

Sasa sitalazimisha andiko liseme ambacho halisemi. Maagizo yale yalihusu unadhiri wa Samsoni. Malaika hakuzungumza habari ya sukari kwenye damu. Lakini jambo hili moja liko wazi, na ndilo nitakalolishikilia leo: Mungu alipotaka kuleta mtoto, alianza na mwili wa mama kabla mtoto hajawamo. Sisi tunaanza tukiwa na miezi saba.

Wacha nitubu kwanza, ndipo nihubiri.

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja wa kanisa hili aliingia ofisini kwangu akilia. Ameniruhusu nisimulie, ila jina lake halitatajwa, na naomba msianze kukisia. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kliniki walikuwa wamempima wakamwambia ana kisukari cha mimba. Mimi mchungaji wake nilimuuliza nini? Nilimuuliza kama kuna mtu wamekosana naye. Nikamuuliza habari za upande wa mume, kama kuna madhabahu za kifamilia. Nikaweka mikono, nikakemea, nikamwambia amefunguliwa. Sikumuuliza tarehe ya kurudi kliniki. Na kwa kuwa mtumishi amesema amefunguliwa, hakuona haja ya kurudi.

Mtoto alizaliwa na kilo tano kasoro kidogo. Washirika walipoletewa habari, wengine walisema, "Angalia baraka!" Hawakuwa chumba cha kujifungulia. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Wakunga walipambana. Mtoto yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini mishipa ya mkono wake wa kushoto ilivutika, na ilichukua miezi mingi mkono ule kupata nguvu ya kushika kijiko. Mama yake alikuja baadaye akaniuliza swali moja, kwa upole: "Mchungaji, kwa nini hukuniambia niendelee kwenda?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Kwa hiyo nilianza kusoma, na kuuliza. Tunao wauguzi wawili katika kanisa hili, na mmoja alikaa nami jioni kadhaa akinieleza kama mtoto wa shule ya Jumapili. Alichukua mfano wa kanisa. Alisema, "Mchungaji, fikiria sukari kwenye damu ni watu wanaofika ibadani. Insulini ni wahudumu wa mlangoni, wale wanaoingiza watu na kuwaonyesha viti. Wahudumu wakifanya kazi, watu wanaingia, korido iko wazi." Mwili wenye insulini inayofanya kazi ndivyo ulivyo: sukari inaingia kwenye misuli na viungo vingine, haibaki ikizurura kwenye damu.

Sasa mama akibeba mimba, hasa kuanzia katikati, kondo la nyuma hutoa homoni zinazofanya milango kuwa mizito. Mungu aliweka hivyo kwa sababu, ili mtoto asikose chakula. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, hulazimika kuongeza wahudumu, hata maradufu. Wanawake wengi wanaweza. Lakini kuna ambaye wahudumu wake walikuwa wamechoka tangu zamani, milango yake ilikuwa mizito kabla ya mimba, kwa uzito, kwa kukaa tu, kwa sukari ya kila siku, au kwa asili ya ukoo wake. Kongamano likija juu ya uchovu huo, korido inajaa. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Hakina jina la shangazi ndani yake.

Sukari hiyo humvukia mtoto. Mtoto naye, kongosho lake likiwa zima, hutoa insulini yake, anageuza sukari kuwa mafuta, anakuwa mkubwa kupita njia. Akishazaliwa, sukari ya mama inakatika ghafla ilhali insulini yake bado iko juu, kwa hiyo sukari yake inaweza kushuka vibaya saa za kwanza. Mama naye yuko katika hatari zaidi ya presha ya mimba na ya kuzaa kwa upasuaji. Na baada ya kujifungua, hata sukari ikirudi sawa, anabaki na uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kupata kisukari cha kudumu miaka inayofuata. Ndiyo maana anatakiwa kupimwa tena wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ni wangapi kati yenu mliambiwa hivyo mkarudi? Msiinue mikono.

Mtu atasema, "Mchungaji, basi mama akishabeba mimba, si ndipo aanze kula vizuri?" Aanze, ndiyo, kwa maana ni heri kuanza leo kuliko kutoanza. Lakini sikilizeni hii. Uingereza walichukua akina mama zaidi ya 1,500 wenye uzito mkubwa, tayari wajawazito, nusu yao wakafundishwa kula na kutembea. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Akina mama wale walijitahidi, walikula vizuri zaidi, uzito wa mimba haukupanda sana. Kisukari cha mimba hakikupungua. Walikuwa wamechelewa kwa jambo hilo moja.

Na huko Marekani, tangu mwaka 1989, wamekuwa wakifuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 116,000, wakiwauliza maisha yao kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2014 watafiti walitazama mimba zaidi ya 20,000 za wauguzi hao, na wakaangalia mama alivyoishi kabla ya mimba. Walitazama mambo manne: havuti sigara, anafanya mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, anakula chakula chema, na uzito wake haujapita kiasi. Walikadiria kwamba kama wote wangeshika manne hayo, karibu nusu ya kisukari cha mimba kisingetokea. Karibu nusu, kanisa! Najua wale ni wauguzi wa Marekani, wengi wao wazungu, na kuwafuatilia watu si sawa na kuwajaribu. Sileti hii kama andiko. Lakini muuguzi wetu akaniambia kwamba milango ya mwili wa mwanamke wa Kayole ni ile ile.

Tuingie jikoni.

Wauguzi wale wale ndio waliotuonyesha habari za soda. Waliokunywa soda ya kola yenye sukari mara tano au zaidi kwa wiki kabla ya mimba walipata kisukari cha mimba zaidi ya wasiokunywa. Chupa ya mililita 500 ina zaidi ya vijiko 10 vya chai vya sukari. Na mwaka 2016 wakaleta habari ya viazi: kadiri mwanamke alivyokula viazi mara nyingi kabla ya mimba, ndivyo hatari ilivyozidi, na mahali pa viazi akiweka mboga, maharagwe au nafaka isiyokobolewa mara mbili kwa wiki, hatari inaelekea kushuka. Sasa niambieni, kijana wetu akimtoa dada wetu siku ya tarehe ya uchumba, anamnunulia nini? Chipsi na soda. Mnacheka kwa sababu ni kweli. Siwakatazi. Nasema isiwe ndiyo chakula cha mchana kila siku kazini kwa sababu kibanda kiko karibu na ofisi.

Chai yetu nayo. Vijiko vitatu kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, hesabu: 12. Na mandazi mawili pembeni. Ukipunguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi wako hautajua umeibiwa.

Wengine wanafikiri mahubiri ya chakula ni mahubiri ya matajiri, ya saladi za supamaketi. Hapana. Karibu kila ninachotaja kiko kwa mama mboga pale nje ya lango. Managu, terere, kunde, sukuma. Maharagwe, ndengu, omena, mayai. Githeri ambayo watoto wetu wa mjini wanaionea aibu. Ugali wa mahindi yaliyosagwa kwa posho mill bila kukobolewa, au uliochanganywa na mtama na wimbi, unashika tumbo kwa muda mrefu na hauingizi sukari kwa kishindo kama ule mweupe wa pakiti. Muuguzi alinichorea sahani: nusu mboga, robo ugali au wali au chapati, robo maharagwe, samaki, yai au nyama. Mimi niliangalia sahani yangu ya Jumapili, nikaona ugali umechukua nchi yote na sukuma imepewa kona ya ukimbizini.

Kuna msemo wetu nataka kuusemesha leo. Dada akiolewa, akaongeza kilo kumi mwaka wa kwanza, tunasema, "Ndoa imemkubali." Mama mkwe anafurahi, mume anaonekana ana uwezo. Akibaki vile alivyokuja, tunamtazama mume kwa jicho baya. Wapendwa, kati ya mambo yale manne ya wauguzi, uzito ndio uliobeba hatari kubwa. Mpaka waliouweka, kwa mwanamke wa urefu wa mita 1.60, unaangukia kwenye kilo 64. Najua wengi humu wamepita hapo, nami simwambii mtu arudi hapo kwa mwezi mmoja. Hata kilo nne au tano zikitoka kabla ya mimba, wahudumu wa mlangoni wanapumua. Lakini sisi kama kanisa tuache kumpigia makofi mtu kwa kitu kitakachomuumiza.

Na msije mkaniambia mtafunga ili mpunguze. Januari tunafunga siku 21, na nimewaona mkifungulia kwa soda na chapati nne! Kufunga ni kwa ajili ya kumtafuta Mungu. Na dada mjamzito, au mtu yeyote mwenye dawa za sukari, asiingie kwenye mfungo kabla ya kuzungumza na daktari wake. Nikisema "kanisa zima tunafunga," jua wewe mchungaji wako amekuondoa kwenye hesabu hiyo.

Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa, siku tano. Kutembea kwa haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba. Misuli inapofanya kazi huingiza sukari yenyewe, hata bila kumsubiri mhudumu wa mlangoni. Ndiyo maana kutembea kunasaidia siku hiyo hiyo. Mama zetu walioko mashambani, wanaolima na kuteka maji, hawahitaji mahubiri haya. Nawaambia ninyi mnaokaa kwenye kibanda cha M-Pesa tangu asubuhi hadi saa mbili usiku, ninyi wa saluni, ninyi wa kompyuta, mnaopanda boda kutoka stejini hadi mlangoni, mwendo wa dakika kumi na mbili. Shuka. Kwaya ya pili mnajua kucheza mbele za Bwana mpaka madirisha yanatetemeka; hayo nayo yanahesabiwa, mradi msiyafanye Jumapili peke yake.

Sasa akina baba, msilale. Rudini kwa Manoa. Mkewe alipomletea habari, Manoa hakusema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Aliomba Mungu yule mtu arudi awafundishe. Angalia, aliomba kwa umoja wao wawili. Malaika akarudi, akamkuta mwanamke shambani peke yake, naye akapiga mbio kumwita mumewe. Na Manoa alipouliza, malaika hakumpa maagizo mapya. Alimrudishia yale yale: yote niliyomwambia mwanamke, na ayashike. Sasa katika nyumba, mke atayashikaje kama mume ndiye anayeleta soda ya lita mbili kila Ijumaa? Atatembeaje saa kumi na mbili asubuhi kama hakuna wa kumuandalia mtoto mkubwa kwenda shule? Atakulaje kunde kama mume amesema kwake hakuliwi majani bila nyama? Ndugu, kama mnapanga mtoto, hilo ni agizo la nyumba. Punguza sahani yako pia. Tembea naye, maana barabara zetu asubuhi si salama kwa mwanamke peke yake, na wewe unalijua hilo.

Nimebakiza kitu ambacho ni lazima nikiseme, maana nawajua mlivyo wepesi wa kuhukumu. Msitoke hapa mkamwambie mwenye kisukari cha mimba kwamba alijiletea kwa chipsi. Kuna wanawake wembamba, wanaotembea, wanaokula vizuri, na bado wanakipata. Umri umo, mzazi mwenye kisukari yumo, mimba iliyotangulia imo, na namna mwili ulivyoumbwa. Tunapunguza hatari, hatuifuti. Kesho mkimwona dada anajidunga insulini akiwa na mimba, huyo ni mama anayemlinda mtoto wake. Hajakosa imani. Vipimo vya sukari vya wiki ya 24 hadi 28 viendewe na kila mama, hata aliyeshika yote haya, na wenye hatari zaidi wapimwe mapema.

Dada yule niliyewaambia, baada ya mtoto wake kupata nguvu, alitaka mwingine. Safari hii alikuja na mumewe, na hawakuja kwangu kwanza. Walianzia kliniki. Alipimwa sukari kabla ya kushika mimba, akapewa vidonge vya asidi ya foliki, akaambiwa atoe uzito. Kwa mwaka mzima aliamka na mumewe wakazunguka estate. Alihamia kwenye githeri na ndengu, chai akainywa na kijiko kimoja, baadaye bila. Alitoa kilo saba. Nilimuombea, ndiyo, tena nilimuombea kila wiki, lakini kila wiki nilimuuliza tarehe ya kliniki. Mimba ikaingia. Kwenye kipimo, sukari ilipanda tena kidogo. Nitasema ukweli wote, nisiwape ushuhuda uliopigwa pasi. Ilipanda. Lakini ilitulizwa kwa chakula na kutembea tu, bila dawa, na mtoto akatoka na kilo tatu na nusu, mabega yakapita.

Wote mnaotarajia kupata mtoto mwaka huu au ujao, mke na mume, njooni mbele tuombe. Hata nyie vijana mlio kwenye mafundisho ya ndoa, njooni. Nitawaombea tumbo la uzazi kama nilivyowaombea siku zote, sijabadilika. Baada ya kuomba, msirudi kwenye viti moja kwa moja. Wauguzi wetu wawili wako kwenye chumba cha shule ya Jumapili na mzani, na mashine ya kupima presha na sukari. Hamlipi kitu. Namba yako utaandikiwa kwenye karatasi na kupewa mkononi, hakuna atakayeisoma kwa sauti. Na Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunakutana langoni tutembee hadi mtoni na kurudi. Mimi nitakuwepo, na mke wangu atakuwepo. Leteni viatu vya kutembea, si vile vya ibada.